Rufani Si Mlango wa Wezi

Msimu wa korosho ufikapo, pwani yetu ya kusini hubadilika sura. Kuanzia mwezi wa Oktoba magunia hujazana maghalani, malori hupishana katika njia za Masasi, Newala na Tandahimba, na bandari ya Mtwara hupata uhai mpya. Lakini pamoja na korosho husafiri kitu kingine ambacho watu hukitazama kwa macho ya pembeni, nacho ni fedha. Zamani, kabla mkulima hajazoea kulipwa kwa njia ya benki, fedha hizo zilipelekwa taslimu mpaka kwenye chama cha msingi kijijini. Hata leo matawi ya benki na mashine za kutolea fedha hazijilishi zenyewe. Gari la deraya, lenye vioo vizito na milango ya chuma, huondoka alfajiri likiwa na dereva, mlinzi na askari mwenye bunduki. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni pori.

Aketiye jioni kwenye baraza ya kahawa pale Mikindani hachelewi kusikia habari za magari hayo. Atasikia pia lawama ambayo siku hizi imekuwa wimbo wa kila mtu. Husemwa hivi: "Watu wameshikwa wakijaribu kuliteka gari la fedha. Wameshitakiwa, wametiwa hatiani, wamefungwa. Kisha eti wamekata rufani, na majaji wamewaachia. Hii ni haki ya nani?"

Swali hilo hatulidharau. Anayeuliza si mjinga, wala si mtu mwenye roho mbaya. Ni mfanyakazi aliyechoshwa na wizi, ambaye jasho lake limo ndani ya gari lile. Kwa sababu hiyo yatupasa kumjibu kwa ukamilifu, na wala si kwa kumwambia anyamaze kwa kuwa majaji wamesoma kuliko yeye.

Kwanza tuseme wazi tusimamapo. Hatuna huruma na unyang'anyi. Tarehe 20 Aprili, 2006, mchana kweupe, pale Ubungo katika mji wa Dar es Salaam, majambazi walilivamia gari lililochukua fedha za benki ya NMB. Walipora shilingi milioni 150. Askari polisi mmoja na dereva waliuawa. Watu hao wawili walikuwa wafanyakazi kama sisi. Waliondoka majumbani mwao asubuhi wakiwaaga watoto, nao hawakurudi. Kila linapotajwa gari la fedha, jambo la kwanza kukumbukwa liwe ni wale wanaokaa ndani yake kwa mshahara mdogo wakilinda mali isiyo yao. Ayapigaye risasi magari hayo anampiga mfanyakazi, wala hampigi tajiri.

Lakini ni kwa ajili ya wafanyakazi hao hao kwamba twaitetea rufani. Tuangalie kwanza kosa lenyewe ni kosa gani.

Kuiba ni jambo linaloonekana: mali ilikuwapo, sasa haipo. Kujaribu kuiba ni jambo la nia, na nia haina rangi wala uzito. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 380, yasema kwamba mtu amejaribu kutenda kosa pale alipoanza kuitekeleza nia yake kwa njia zinazofaa kuitimiza, na akaidhihirisha nia hiyo kwa kitendo cha wazi, ingawa hakuifikia shabaha yake. Maneno hayo ni machache, lakini yamewatoa jasho mawakili wengi.

Tuchukue mfano. Watu wanne wanaketi Kilambo, karibu na mto Ruvuma, wakizungumza jinsi ya kuliteka gari la fedha. Kesho yake wananunua mapanga. Keshokutwa wanalala kichakani kando ya barabara. Siku ya nne wanaangusha gogo njiani, gari linasimama, nao wanatoka wakipiga kelele. Lakini askari anafyatua risasi hewani nao wanakimbia mikono mitupu. Ni lini walijaribu? Walipozungumza huenda walikula njama, nako kula njama ni kosa mbali. Waliponunua mapanga walijitayarisha, na matayarisho peke yake si jaribio. Gogo lilipoanguka na watu wakatoka, hapo hakuna mwenye shaka. Lakini kama walishikwa bado wamelala kichakani? Hapo ndipo jaji anapokaa na kujiuliza usiku kucha, kwa maana mstari upitao kati ya kujitayarisha na kujaribu ni mwembamba, na upande mmoja wa mstari huo kuna miaka mingi ya gereza.

Sheria hiyo hiyo haimpi mwizi visingizio vya bure. Hawezi kujitetea kwa kusema kwamba gari lilikuwa tupu, ikiwa yeye hakujua. Wala haimwokoi na hatia kwamba alikatishwa njiani, au hata kwamba alighairi mwenyewe baada ya kuanza. Hilo laweza kumpunguzia adhabu tu. Kwa hivyo wanaodhani kwamba sheria ya jaribio ni laini hawakuisoma.

Na adhabu yenyewe je? Nchi yetu imekuwa kali kwa wezi tangu siku za mwanzo za uhuru. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliwafungia mahakimu mikono, ikaweka kifungo cha lazima pamoja na viboko. Ikafuatwa na nyingine ya mwaka 1972. Mwaka 2004 kiliingizwa katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 287A kuhusu wizi wa kutumia silaha. Adhabu yake ya chini ni miaka 30. Kujaribu nako kuna adhabu yake nzito. Kwa majirani zetu wa Kenya mambo yalikuwa makali zaidi: aliyejaribu unyang'anyi wa kutumia nguvu akiwa na silaha alistahili kifo, hata kama hakupata senti moja, na huku kifungu kingine cha sheria ile ile kikisema kwamba kujaribu kosa linaloadhibiwa kwa kifo kusizidi miaka 7. Mtu mmoja, kitendo kimoja, kitabu kimoja, na milango miwili: mmoja waenda kitanzini na mwingine waenda nyumbani baada ya miaka 7. Kama si mahakama za rufani, nani angeliuliza ni mlango upi ulio wa haki? Ilikuwa ni katika rufani, tarehe 14 Desemba, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya iliposema kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila muuaji, bila ya kumsikiliza hali yake, ni kinyume cha Katiba. Na mwaka 2021 ikaeleza kwamba uamuzi huo ulihusu mauaji peke yake.

Fikirini basi miaka 30. Kijana wa miaka 25 aingiaye gereza la Lilungu atatoka akiwa na miaka 55, kama atamaliza yote. Mtoto aliyemwacha akinyonya atakuwa na watoto wake. Minazi aliyoipanda itakuwa imezaa na kuchoka. Ikiwa kijana huyo alikuwamo katika wizi, amejitakia. Ikiwa hakuwamo, sisi sote tumemwibia uhai wake, na hakuna benki inayoweza kuurudisha.

Mtu asiye na hatia aweza kufungwa kwa njia gani? Njia ya kwanza ni macho. Shambulio la barabarani huchukua dakika chache, mara nyingi gizani, huku watu wakipiga mayowe na risasi zikilia. Dereva ameinamisha kichwa chini ya usukani. Baada ya wiki mbili anaitwa kituoni, anapangiwa watu katika gwaride la utambulisho, anaambiwa achague. Haongopi; anasema aliloamini. Lakini kuamini si kuona. Ndiyo maana Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika hukumu ya Waziri Amani iliyochapishwa mwaka 1980, ilionya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko wote, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa kukosea. Yapasa kuuliza: shahidi alimtazama kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulitoka wapi na ulikuwa na nguvu gani? Alimjua kabla? Alimtaja kwa polisi mara ya kwanza alipopata nafasi, au jina lilikuja baadaye?

Hilo si jambo la Waafrika peke yao. Huko Uingereza mwaka 1969 mtu mmoja alifungwa kwa makosa ya wizi na ya kuwafyatulia polisi risasi, baada ya mashahidi wanane kusema kwamba ni yeye. Mwaka 1974 alisamehewa, kwa kuwa ilionekana ni mtu mwingine. Mashahidi wanane! Kwetu wangelitosha kumshawishi hata mama yake mzazi.

Njia ya pili ni maelezo ya kukiri. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai yataka polisi wamhoji mtuhumiwa katika muda wa saa nne tangu alipowekwa chini ya ulinzi, isipokuwa muda huo umeongezwa kwa njia ya halali. Wengine hucheka wasikiapo kwamba maelezo yametupwa kwa sababu yaliandikwa siku ya tatu. Lakini kwa nini saa nne? Kwa sababu mtu aliyekaa siku tatu mahali asipoonekana na ndugu wala wakili aweza kukiri hata kwamba ndiye aliyeuchimba mto Ruvuma.

Njia ya tatu yawahusu wafanyakazi hasa. Gari la fedha likivamiwa, wa kwanza kushukiwa ni waliomo ndani yake. Nani alitoa siri ya safari? Dereva! Nani hakufyatua bunduki? Mlinzi! Mara nyingine shaka hiyo ni kweli, kwani kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingine ni shaka tupu, na mtu aliyeokoka risasi za majambazi asubuhi hujikuta mahabusi jioni. Msomaji aliye mlinzi na aisomaye makala hii katika lindo lake aelewe kwamba haki ya rufani haikuwekwa kwa ajili ya watu wa mbali. Huenda kesho ikamhitaji yeye. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wapo wasemao kwamba dawa ya majambazi ni risasi tu, na kwamba kesi na rufani ni kupoteza wakati. Hao twawakumbusha jambo la tarehe 14 Januari, 2006. Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva mmoja wa teksi wa Dar es Salaam walikamatwa na polisi, wakapelekwa katika msitu wa Pande, wakauawa. Taifa liliambiwa kwamba walikuwa majambazi walioteka gari la fedha za kampuni moja na kupambana na polisi kwa silaha. Ndugu zao hawakukubali. Rais aliunda Tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, nayo ikaona kwamba waliouawa hawakuwa majambazi. Watu wanne walikwisha kuhukumiwa msituni, bila hati ya mashtaka, bila shahidi, bila hakimu. Hukumu ya namna hiyo haina rufani.

Tena tazameni kilichofuata. Maofisa na askari wa polisi walishitakiwa kwa mauaji hayo. Mwezi wa Agosti, 2009, Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu aliwaachia washitakiwa wote tisa, kwa kuwa aliona ushahidi haukuthibitisha kwamba hao ndio wauaji. Watu walilalamika sana. Mkurugenzi wa Mashtaka akakata rufani. Mwaka 2013 rufani hiyo iliondolewa kwa sababu ya dosari katika hati. Ikaletwa upya. Mwezi wa Septemba, 2016, Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao na kumhukumu kifo, na ikathibitisha kuachiwa kwa waliobaki, akiwamo Abdallah Zombe aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Tunaitaja kesi hiyo ili msomaji aone kwamba rufani si mali ya mshitakiwa peke yake. Jamhuri nayo hukata rufani. Mlango ule ule waweza kumtoa mtu na waweza kumrudisha ndani.

Na mlango huo si mpana kama inavyodhaniwa. Aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya hana budi kutoa taarifa ya nia ya kukata rufani katika siku 10, na kuleta hati ya rufani katika siku 45. Aliyekiri kosa kwa hiari yake hawezi tena kuipinga hatia. Anaweza tu kulalamikia adhabu. Mahakama Kuu yatakiwa kuupima upya ushahidi wote, kama ilivyoelezwa na mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1957. Akishindwa hapo, mfungwa ana siku 30 za kutoa taarifa ya kwenda Mahakama ya Rufani, ambayo ilianzishwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, na ambayo hufanya vikao vyake hata Mtwara. Lakini huko huendi kusimulia tena habari yote. Katika rufani ya pili mahakama hushughulikia mambo ya sheria, na ni mara chache sana huigusa hoja ya ushahidi ambayo mahakama mbili za chini zimekubaliana.

Wengi wa wafungwa hao hawana wakili. Huandika sababu zao wenyewe, au huandikiwa na mfungwa mwenzao mwenye mwandiko mzuri, na hati hupitia kwa mkuu wa gereza. Kwa miaka mingi shahidi alisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, na mfungwa asiyejua Kiingereza akatakiwa aonyeshe kosa liko katika ukurasa gani. Ni mwaka 2021 tu ambapo sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Nasi tuliomwona mfanyakazi akisimama kizimbani na kusikia maisha yake yakizungumzwa kwa lugha ya wageni, twasema mabadiliko hayo yalichelewa, lakini ni mema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 nayo ilikuja baada ya aibu. Mwaka 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilikuwa imeamua kwamba Tanzania ilimvunjia haki mfungwa mmoja wa miaka 30 kwa wizi wa kutumia silaha, aliyenyimwa wakili na ambaye utetezi wake haukusikilizwa. Mwaka 2016 mahakama hiyo ilisema mambo kama hayo kwa Wakenya kumi waliokamatwa Msumbiji wakaletwa kwetu kushitakiwa kwa mauaji na unyang'anyi, kesi zao zikacheleweshwa bila ya msaada wa wakili. Mwezi wa Novemba, 2019, Serikali iliondoa idhini ya mtu binafsi kuishitaki moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo. Mlango mmoja ulifungwa. Ndiyo sababu milango iliyobaki humu nchini yapasa iangaliwe kwa bidii zaidi.

Sasa turudi kwa ndugu yetu wa barazani. Atasema: "Haya yote nimeyasikia. Lakini wapo wezi wa kweli wanaotoka kwa sababu ya karatasi." Ni kweli, wapo. Hati ya mashtaka haikutaja ni nani aliyetishwa kwa silaha. Bunduki iliyokamatwa ilipita mikono mingi bila kuandikwa, hata haijulikani kama ndiyo ile iliyoletwa mahakamani. Shahidi muhimu hakuitwa. Mahakama haiwezi kila mara kuamuru kesi ianze upya. Tangu mwaka 1966 ilikwisha kuamuliwa katika Afrika Mashariki kwamba kesi isirudiwe ili upande wa mashtaka upate kuziba mapengo yake.

Lakini nani wa kulaumiwa? Fundi akijenga nyumba kwa mchanga mtupu, mvua ikaiangusha, je, twailaumu mvua? Majaji wa rufani ni mvua. Kazi yao ni kuijaribu nyumba. Aliyeandika hati ovyo, aliyempiga mtuhumiwa badala ya kutafuta ushahidi, aliyepoteza silaha kabatini, hao ndio waliomfungulia mwizi. Kila hukumu inayofutwa kwa uzembe iwarudie wakubwa wa upelelezi na waendesha mashtaka, waisome, wajiulize walikosea wapi, na wasirudie. Askari wa upelelezi apewe mafunzo na vyombo vya kazi. Kampuni za ulinzi zifundishe watu wake kutazama na kukumbuka, na ziache kumwacha mfanyakazi wake peke yake anaposhukiwa.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Aliyeona aende kusema, tena mapema. Pale mwambaoni, tangu Msimbati hadi Kitaya, mtu akivuka Ruvuma kwa mtumbwi yuko katika nchi nyingine. Taarifa ya leo yafaa kuliko ushujaa wa wiki ijayo. Aliyeitwa mahakamani aende, hata kama kesi imeahirishwa mara tatu. Na anayeshikwa asipigwe wala asichomwe moto, bali apelekwe penye kalamu na daftari. Siku za mwizi ni arobaini, lakini siku ya arobaini na moja ni ya hakimu, wala si ya umati.

Korosho zitaanguka tena msimu ujao, na gari la chuma litapita tena alfajiri. Twataka dereva wake afike salama, na atakayemvamia ashikwe na afungwe. Twataka pia kwamba atakayefungwa awe ni yule yule aliyevamia. Mambo hayo mawili hayagombani. Mkulima hupima gunia lake mara mbili, nyumbani na ghalani, wala hamwiti mwenye mizani ya pili kuwa mwizi. Miaka 30 ya mtu ni mizigo mizito kuliko gunia la korosho. Nayo ipimwe mara mbili.